Rangi Iliyolala Majini

"Mimi sikumfunga mkweo. Mimi nilisema nilichokiona, na nilichokiona kilikuwa ndani ya beseni lenu, si langu."

"Uliona nini? Uliona maji."

"Maji ya zambarau."

"Na zambarau tangu lini ikawa sumu? Nenda kajishitaki, maana hata hilo gauni ulilovaa ni la zambarau."

Waliokuwa wamepanga ndoo kwenye bomba la uani walicheka, kisha wakakumbuka kwamba wako nje ya nyumba ya msiba, wakanyamaza. Sajini alikuwa amesimama nyuma yao, na kwa kuwa leo alivaa kiraia hakuna aliyemtambua. Hakuona haraka ya kujitambulisha. Wanawake wawili wanaogombana mbele ya foleni ya maji husema kwa muda mfupi mambo ambayo kituoni ungeyavuta kwa koleo mpaka jioni.

Aliyekuwa anabanwa ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio na mwenyewe akaitika. Aliyekuwa anabana ni mama wa marehemu. Huyu walimwita Mama Wawili kwa sababu alizaa watoto wawili tu, wote wa kiume, akawalea bila mume mpaka wakafungua karakana yao ya kuchapa fulana na mabango. Sasa alibakiwa na mmoja. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu, kichanga kilicholala mdomo wazi, ambacho mama yake alikuwa mahabusu akituhumiwa kumnywesha mumewe sumu.

Hapo ndipo mtaa ulipokwama. Wamezoea kuona mama mkwe akishangilia mkwe anapokamatwa, tena mwingine huongezea na lake. Huyu alikuwa akimtetea tangu siku ya kwanza, kwa sauti ileile aliyomlilia mwanawe. Redio alilisema hilo waziwazi mbele ya ndoo zote: kwamba yeye angekuwa na mtoto aliyekufa hivyo, asingekuwa anahangaika kumtafutia wakili mtoto wa watu.

Mambo yenyewe Sajini aliyajua kwa moyo. Marehemu alirudi nyumbani jioni akiwa mzima. Usiku akashikwa na kichwa na kutapika, alfajiri akasema haoni, na kabla ya mchana akakata roho. Waliompasua walimkuta na spiriti ya kiwandani, ile ya kuyeyushia rangi, ambayo ukiinywa huanza na macho ndipo imalizie mwili. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi karakana moja, aliandikisha kwamba jioni ile hawakuwa pamoja. Kaka, alisema, alikunywa nyumbani kwake, kutoka mkononi mwa mkewe. Redio akaongeza la beseni: alimwona mke wa marehemu akisuuza kikombe, na maji yakageuka zambarau. Polisi wakayachota, wakayapeleka maabara pamoja na chupa ya rangi kutoka karakana. Jibu likaja fupi. Rangi ya karakana inawaka chini ya taa, hii ya beseni haiwaki, mbili tofauti. Basi, sumu haikutoka karakana. Imetoka jikoni.

Faili likawa limenyooka. Mchana huu, baada ya chakula, gari la magereza lilikuwa lije kumchukua yule mwanamke kumpeleka gereza kuu, mji mwingine kabisa, na kichanga, ambacho bibi yake alikipeleka kituoni kunyonya asubuhi na jioni, kingebaki, kama alivyoambiwa. Kesi za namna hiyo huko hukaa mpaka mtoto aanze kuota meno na kuyang'oa.

"Wewe sema utakavyo," Redio alikuwa anaendelea, sasa kwa upole wa mtu anayejua ana habari. "Mimi jioni ile nilikuwa hapa hapa naosha vyombo. Wameingia wawili, wamekumbatiana mabega, wanacheka kama waliokubaliwa posa."

"Wawili gani? Unaota umesimama." Mama Wawili aligeuka kwa kasi mpaka kichwa cha mtoto kikayumba. Akainua ndoo yake, akaondoka nayo.

Ndoo ilikuwa haijafika nusu. Mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi, akaacha bomba likitoka.

Sajini akajitambulisha kwa Redio, akamwuliza kama hayo ya wawili aliyasema kituoni. Redio akasema aliyasema vizuri sana, pamoja na mengine mengi, lakini afande aliyekuwa akiandika alichoka, akamwambia mama inatosha, tuishie kwenye beseni. Alilisema bila kinyongo. Alikuwa amezoea kuzimwa katikati ya matangazo.

Ndani, Mama Wawili hakumkaribisha Sajini wala hakumfukuza. Alimwonyesha mapazia kwenye kamba nyuma ya nyumba, zambarau iliyoshika vibaya, mabaka mabaka, na akamletea pakiti ya rangi ya nguo iliyobaki nusu. Alieleza kwamba mkwewe aliyatia rangi wiki ileile, kabla ya msiba, ndani ya beseni hilohilo. Sajini alimwuliza kama mkwe aliwahi kwenda karakana. Kamwe, alisema. Ile poda ya karakana huruka hewani, na mama anayenyonyesha walimkataza hata kufua ovaroli za mumewe, wenyewe walifua.

"Na mdogo wake marehemu yuko wapi?"

"Kazini." Alikuwa akimpangusa mtoto mdomo, ingawa mdomo ulikuwa mkavu. "Mwanangu, ukimwona, usimchokoze. Hajalala tangu msiba."

*

Mkemia wa serikali alikuwa mtu wa kipara na mzaha mkavu, anayeweka chai yake kwenye meza yenye kibao cha kukataza chai. Sajini alipompa pakiti ya rangi ya mapazia na kumwambia anataka vipimo virudiwe, alichukulia kama ametukanwa.

"Mliniletea vitu viwili mkaniuliza kama vinafanana," alisema. "Nikawajibu havifanani. Leo pia havifanani."

"Nikikuuliza kama ni kitu kimoja?"

Mkemia akaiweka chai chini. Akasema neno ambalo watu wa ofisi zile hawalisemi mbele ya polisi. Akaenda kutoa chupa kwenye jokofu.

Alichomweleza, huku mikono ikifanya kazi, ni hiki. Kuna rangi ambazo hazipendi maji. Ukizitia kwenye spiriti, kila molekuli hukaa peke yake, na kila moja hunyonya mwanga kivyake na kuurudisha, ndiyo maana chupa inawaka. Ukizitia kwenye maji, zinaogopa. Zinakimbiliana, zinabanana moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Zikishabanana hivyo hazinyonyi mwanga uleule tena. Na ule zinaounyonya haziurudishi, zinapasiana wenyewe kwa wenyewe mpaka unakufa ndani. Kwa macho unaona rangi nyingine kabisa, nzito, chafu, haina uhai. Lakini ni poda ileile.

"Chupa ya karakana ilikuja kwenye spiriti," alisema. "Ya beseni ilikuja kwenye maji ya kusuuzia. Nikazipima kama zilivyokuja."

Wote wawili walijua ni nani aliyekuwa amekaa mahabusu kwa ajili ya sentensi hiyo.

Akaitia ile ya beseni kwenye mashine ya kupima mwanga. Kwenye karatasi ukachoreka mlima mfupi, umelala upande, na kando yake kilima kingine kikiubebea mzigo. Akaitia ya karakana: mlima mmoja, mrefu, umesimama wima, mahali pengine kabisa. Mtu yeyote angesema ni milima ya nchi mbili. Kisha akachukua kidogo cha yale maji ya beseni, akakikausha juu ya moto mdogo mpaka chini ya kichupa pakabaki doa kama damu iliyozeeka, akalidondoshea spiriti. Akazima taa ya chumba, akawasha ile taa ya zambarau ambayo benki hutumia kukagulia noti bandia.

Doa likafumuka. Likapanda kichupani likiwaka rangi ya chungwa, kali, mpaka kidevu cha Mkemia kikapata mwanga.

Aliirudisha kwenye mashine. Mlima mmoja, mrefu, wima, pale pale pa karakana.

Sajini akamwambia afanye hivyohivyo kwa rangi ya mapazia. Akaikausha, akaitia spiriti, akaimulika, akaisubiri. Haikuwaka. Akaongeza spiriti, ilibaki maji ya zambarau yasiyo na habari.

"Hii haijui kuwaka," alisema Mkemia. "Hata ungeiombea."

Kwa hiyo kikombe alichosuuza yule mwanamke kilikuwa na rangi ya karakana, iliyokuwa imeyeyuka ndani ya spiriti, mpaka yeye mwenyewe alipomwagia maji akaizima bila kujua. Sajini aliyaandika hayo kwa mfuatano, akamtaka Mkemia asaini kila ukurasa. Alisaini bila mzaha. Kisha Sajini akauliza swali lililobaki: rangi inatafuta nini ndani ya kinywaji? Mtu anayetaka kuua kwa spiriti hana sababu ya kuitia rangi. Spiriti yenyewe haina rangi, ingejificha vizuri zaidi.

Mkemia akasema hilo si la maabara.

*

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye fremu za kuchapia zimeegemezwa ukutani na fulana zimetundikwa kama watu wasio na vichwa. Mdogo wa marehemu, ambaye mama yake na wateja walimwita Kitinda, alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, amevaa miwani ya jua. Alipomsikia Sajini akibisha na kujitaja alisimama upesi, akasema karibu afande, kiti hicho hapo, na akaelekeza mkono mahali palipokuwa na kiti. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimepangwa kwa unadhifu wa kushangaza. Mashine ilikuwa kavu. Hakukuwa na fulana hata moja yenye wino mbichi.

Sajini alianza na kazi. Aliuliza poda inatoka wapi, inayeyushwa vipi, nani hununua spiriti. Kitinda alijibu vizuri. Ilionekana anapata nafuu kuongea habari asizolazimika kuzifikiria. Spiriti walikuwa nazo za aina mbili. Ya dumu jeupe inatoka kwa wauza dawa, ghali, waliitumia kusafishia fremu. Ya dumu la bluu inatoka kiwandani, ndiyo ya kuyeyushia. Wauzaji wa zote mbili ni wezi, huongeza maji. Kwa hiyo wao walikuwa na utaratibu wao: kabla ya kuitumia spiriti yoyote unachota kidogo kwenye kizibo, unatia punje ya poda, unaimulika. Rangi ikilala, kuna maji humo. Rangi ikiamka, spiriti ni safi.

"Marehemu ndiye aliyekufundisha?"

"Yeye alifundishwa na mimi." Alitabasamu kidogo. "Wateja hawakuamini. Walidhani mdogo ndiye anayefundishwa."

"Na ya bluu na nyeupe, ipi inaamsha zaidi?"

"Hakuna. Zote zinaamsha sawasawa. Ni kitu kimoja, afande, wanatofautisha bei tu."

Sajini aliacha kuandika. Gari lilipita nje, fulana zikatikisika. Yeye alikuwa ameshaijua tofauti kutoka kwenye ripoti ya maiti: ya nyeupe inalevya, ya bluu inaua. Rangi haikuwa inaulizwa hilo. Rangi ilikuwa inaulizwa kama kuna maji.

Akatoa mfukoni vichupa viwili alivyopewa na Mkemia na ile taa ndogo. Kimoja kilikuwa na maji ya beseni kama yalivyochotwa, zambarau iliyokufa. Kingine kilikuwa doa lililoamshwa. Akasogea karibu na Kitinda, akabonyeza swichi ya taa ikalia, na akakimulika kile cha maji.

"Nisaidie wewe uliyezoea," alisema. "Hii imeamka au imelala?"

Kitinda aliinamisha kichwa upande wa sauti. "Imeamka, afande. Tena vizuri. Ona inavyowaka."

Sajini alibadilisha kichupa, chumba kikapata mwanga wa chungwa mpaka kwenye lenzi za miwani yake, naye Kitinda hakugeuza hata shingo.

"Si inawaka?" aliuliza.

"Ile ya kwanza ilikuwa kama maji ya kudekia."

Kitinda alikipapasa kigoda nyuma yake kwa kisigino, akakipata, akaketi. Sajini akamvua miwani kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama nesi. Macho yalikuwa mazima, meusi, mazuri, na yalikuwa yakitazama begani kwake mahali pasipo na mtu.

Akamwuliza lini yaliharibika. Akamwuliza tena kama alikunywa kidogo kwa sababu alikuwa na kazi ya kumalizia, na kaka yake akamaliza chupa. Vidole vya Kitinda vilianza kukunja na kukunjua pindo la ovaroli. Sajini akamweleza basi, bila kumtisha, jinsi alivyoona yeye: kwamba hakuna aliyekusudia kumwua mtu, kwamba walitaka kujipongeza kwa kazi fulani, wakamimina kikombeni spiriti ya dumu la bluu, wakaijaribu kwa punje ya poda kama walivyojaribu kila kitu, wakaona imeamka, wakaongezea juisi kidogo. Kosa hilo halikuwa la jela. La jela ni lile la baadaye, maelezo aliyoyaandikisha kituoni, na shemeji yake anayepakiwa garini mchana huu kwa ajili ya maelezo hayo.

"Ningesema tulikunywa wote, wangeniuliza nani aliyechanganya," Kitinda alisema. Ndilo neno pekee alilolitoa juu ya jioni ile. Kisha akasimama, akasema mama anamngoja kwa chakula, na mambo mengine atayasema baada ya kuongea na mama.

Sajini alitoka naye mlangoni, akamwacha atangulie. Alimtazama akishuka mtaani, mkono wa kushoto ukigusa ukuta, mlango, ukuta, geti, kwa wepesi wa mtu aliyejizoeza kwa siri. Watu walimsalimia na kumpa pole. Aliitikia kila mmoja kwa jina la utani, akiwatambua kwa sauti zao.

Akampigia Mkuu wa kituo. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akasema kwamba ya maabara ni mazuri, lakini yanaonyesha tu kwamba rangi ni ya karakana. Mwendesha mashtaka atasema mke aliiba huko. Na kijana kutokuona si kosa.

"Nataka maneno yake mwenyewe, Sajini, yenye saini. Gari likifika kabla ya hayo, mimi sina mamlaka ya kulisimamisha."

"Gari liko wapi sasa?"

"Madereva wanakula."

*

Uani palikuwa kimya, ndoo zimeondoka. Redio alikuwa ameketi kizingitini kwake akichambua mboga, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule aliona kitu akakaa kimya. Aliinua kidevu tu kuonyesha kwamba ndiyo, amepita, ameingia.

Mama Wawili alifungua mlango kabla haujabishwa. Mtoto alikuwa bado mgongoni, sasa macho, ananyonya ncha ya kitambaa alichobebewa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kijiko kikitafuta kitu kwenye bati.

Sajini alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Alisema machache tu kati yake: kwamba maabara imegundua rangi ya kikombe ilitoka karakana, kwamba mkwe hana hatia, na kwamba hayo yote hayatamtoa mpaka mtu mmoja aseme.

"Najua," alisema Mama Wawili. "Nimejua tangu alipotia mkono kwenye sufuria ya moto akidhani ni sahani."

"Kwa nini hukusema?"

Yule mama alimtazama kama anayetafuta njia ya kumweleza mtu asiyezaa. "Nilikuwa nawaambia kila siku si yeye, si yeye. Mlitaka niseme na ni nani?"

Kijiko ndani kilinyamaza. Kitinda alikuwa amesikia. Mtu wa namna ile husikia. Mama Wawili hakugeuka kumtazama. Alimshusha mtoto mgongoni, akamweka kwenye mikono ya Sajini bila kuomba ruhusa, na akajifunga upya kile kitambaa kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kuinua mzigo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani:

"Huyu atataka kunyonya jioni, na mimi sina maziwa."

Ndani kiti kilivutwa, na Kitinda akasema, kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo, "Mama, mwambie afande akae. Nitasema."

Mama Wawili alifuta macho kwa kiwiko, upesi, jambo lililochukua muda mfupi kuliko kufuta jasho. Akasogea kando ya mlango, akachukua sahani ya pili kutoka kwenye rafu.

"Ingia ule, mwanangu," alimwambia Sajini. "Chakula kipo. Mwache na yeye amalize cha kwake, maana huko mnakompeleka sijui nani atamwekea kijiko mkononi."